Uji Uliogoma Kuwa Mzito

Baba yangu alianguka na bodaboda Kirumba, taya likavunjika, hospitali wakamfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Mzee aliyekuwa akimaliza ugali wa watu wawili akabaki kunyonya kwa mrija kama mtoto wa chekechea. Mwanzoni nilicheka, tena sana. Kisha suruali zikaanza kumvuka, nikaacha kucheka. Daktari alisema akizidi kukonda atarudi wodini, alishwe kwa mpira wa puani.

Uji mwepesi ulipita kwenye mrija, lakini ule ni maji tu yenye jina la uji. Mzito una chakula, ila haupiti. Sasa mimi nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo huku Nyegezi, tunageuza wanga wa muhogo kuwa sukari ya maji ya kutengenezea pipi. Kazi yenyewe inafanywa na kimeng'enya cha bakteria, kinachoukatakata wanga hata ukiwa motoni. Nikamuuliza daktari, akasema kama ni cha chakula, haya. Nikapika uji wa kusimamisha mwiko, nikadondoshea matone machache, nikakoroga. Ukalegea ukawa kama chai ya maziwa, na unga wote umo humo humo. Nilijiona profesa!

Ndipo akatua shangazi kutoka Magu, dada mkubwa wa baba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na haya maji ya kuoshea vyombo ndiyo mnampa kaka yangu?"

"Unga upo, shangazi. Umelainishwa na kitu wanachotoa bakteria."

"Wanachotoa? Yaani mavi yao!"

Hakuwa mbali sana na ukweli. Akaninyang'anya mwiko, akamimina unga kwenye sufuria lililokuwa bado motoni. Uji ukashika, akaniangalia kwa dharau. Alipomaliza kujifunga kanga vizuri, ukawa maji tena. Akaongeza unga. Ukashika, ukalegea. Jasho likamtoka, bakuli la unga likaisha, uji ukabaki unatiririka tu.

"Huu ni uchawi," akasema, na mwiko akauweka chini.

Baba alikuwa amekaa mezani pale pale jikoni, amesikia kila kitu. Huyu mzee hajawahi kumpinga dada yake tangu wazaliwe. Akisema usile, hali, na mimi ningempeleka wodini kwa mikono yangu. Nikamjazia kikombe, nikakiweka mbele yake.

Baba alikitazama kikombe, akamtazama dada yake. Akashika mrija. Akavuta mpaka ukakoroma.

"Uchawi huu," akasema kwa shida kupitia kwenye zile waya, "niongezeeni."

Nikaangua kilio pale pale jikoni, kamasi na kila kitu. Shangazi akanisukuma pembeni kwa kiuno, akachukua upawa, akampakulia mwenyewe.