Kamba Yangu Kwenye Masomo

Ule mwaka tulikula bukari, ugali wetu, na chumvi tu, samaki yote ya ziwa ilikimbilia upande wa Kilwa. Wavu wa baba ukaoza, nikausuka kamba ya kuruka, nikatunga na wimbo wake. Mutoto wa jirani, mwenye kuanguka kila mara, aliniomba mimi mukubwa wake:

“Yaya, nifundishe.”

“Sikufundishi, macho uko nayo.”

Akabaki kuniangalia tu, kila siku. Leo, sisi bote bazee, harufu ya wavu imenivuta mpaka kiwanja cha masomo, pale shuleni. Ni yule mutoto wa jirani, mvi kichwani, anarukisha batoto kamba ya wavu, na wimbo wangu! Mwalimu wa mazoezi anamupigia makofi:

“Muchezo ya bankambo, bazee betu, inafundisha kupokezana!”

Makofi ile ni yangu.

Katikati, wimbo ukamupotea. Mwalimu akaona muzee mwengine pembeni, akanikimbilia:

“Nkambo, tusaidie.”

Nikamujibu mwenzangu, si mwalimu:

“Sikufundishi, macho uko nayo.”