Kidole cha Mwalimu Najmuddin

Marehemu Mwalimu Najmuddin hakupenda kuachiwa karatasi. Ukimpelekea sura ya tasnifu yako, alikurudishia mkononi akakwambia, "Nisomee." Ukasoma kwa sauti, pale sebuleni kwake ghorofani, Mji wa Kale, naye amefumba macho. Sentensi ikilegea, aliinua kidole. Kosa hakulieleza. Ulirudia mpaka ukaliona mwenyewe.

Chuoni alikuwa amestaafu zamani, lakini Jumamosi baada ya adhuhuri mlango wake haukufungwa. Walikuja wa historia, wa uchumi, hata wa uuguzi, watu wenye kazi na watoto wa kulea, wanaosomea uzamili kwa saa za kuiba. Wasimamizi wao chuoni hawakuwa na nafasi nao. Yeye alikuwa nayo. Mkewe, Bi Marziya, aliwapikia viazi karai, na aliyesinzia kitini aliachwa asinzie.

Eddah alikuwa mmoja wa wasinziaji hao. Mchana alishinda katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, jioni alirudi chumbani kwake Bondeni, akaandika juu ya wanawake waliochambua kahawa katika maghala ya kisiwani. Kila sura alimsomea Mwalimu. Miezi ya mwisho kile kidole hakikuinuka hata mara moja, akadhani ameiva. Kitsao, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiandika juu ya bei ya nazi, naye alidhani ameiva.

Kisha tasnifu ya Eddah ikarudishwa. Sura ya pili, walisema watahini, inadai wanawake waliacha kazi kwa hiari yao. Ya nne inadai walifukuzwa. Aiandike upya kabla ya muhula kwisha, la sivyo jina lake lifutwe.

Jumamosi hiyo alipanda zile ngazi ili aage.

"Shikamoo, Mwalimu. Kazi yangu imerudishwa. Nimechoka. Naacha."

Mwalimu, macho kayafumba, akatabasamu. "Vizuri sana, mwanangu. Endelea."

Kitsao akacheka, akidhani ni mzaha. Eddah hakucheka. Alimtazama mzee kwa muda, akasema polepole, "Mwalimu, nyumba yaungua."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Bi Marziya akaweka sinia mezani. "Hasikii," alisema. "Tangu Ramadhani. Nimemwambia awaambie, hataki. Mbishi huyu."

"Hana chombo cha sikioni cha kumsaidia?" Kitsao akauliza.

"Kiko kabatini. Ati chamvumia kichwani kama soko la Mwembe Tayari siku za sikukuu."

Eddah akainama kwenye sikio lililobakiwa na uhai kidogo, akamweleza yote kwa sauti kubwa, mpaka koo likamuuma. Mwalimu akafumbua macho.

"Ya pili na ya nne?"

"Ndiyo."

"Hapo ningeinua kidole."

"Hukuinua, Mwalimu."

"Sikuinua." Akaitazama mikono yake. "Niliogopa mkijua mtakwenda zenu. Na mimi Jumamosi nifanye nini, nihesabu njiwa dirishani?"

"Ungenichagulia mchele," akasema Bi Marziya.

Hakuna aliyepata nguvu ya kucheka. Eddah alikuwa amekuja na hasira, lakini hata hasira yataka mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Akajiangusha kitini.

"Kitsao," Mwalimu akasema, "kaa hapa, nikuone. Eddah atasoma, wewe utasikiza. Mimi nitautazama uso wako."

"Nikisinzia je, Mwalimu?" Kitsao akamuuliza sikioni.

"Nitajua pia. Maneno yanayomlaza msikizaji yana kasoro yake."

"Nimekuja kuacha!" Eddah akapaza sauti.

"Nimesikia hilo. Utaacha ukimaliza ukurasa mmoja."

Akaitoa tasnifu mkobani, akasoma ukurasa wa kwanza wa sura ya pili, kwa sauti kavu ya mtu anayetimiza adabu tu. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alisikiza macho wazi, kakodoa, uso wake karibu kabisa na wa Kitsao, hata Kitsao akaona haya. Katikati ya ukurasa Kitsao alikunja kipaji kidogo, bila kujijua. Mwalimu akanyoosha mkono, akamgusa Eddah gotini.

Eddah akarudia. Akarudia tena. Aliandika kwamba wanawake "waliondoka", na hakusema nani aliyefunga mlango wa ghala. Mabibi wa maghala waliomsimulia walikuwa wamemwambia; yeye kwa uchovu aliona neno moja latosha.

"Kumbe lilianzia hapa," akasema.

Mwalimu hakumsikia, ila alimwona. Akajifuta machozi ya kukodoa.

"Macho nayo yachoka upesi," alisema. "Marziya, tupe chai."

Wakanywa. Viazi vilikuwa vimepoa. Eddah akaomba kalamu, akalikata lile neno, akaandika juu yake majina ya waliofukuza. Kisha akamgeukia Kitsao, aliyekuwa ameanza kuinamisha kichwa.

"Amka, bwana," alisema. "Bado ukurasa wa pili."