Hatua Kumi na Nne Hadi kwa Babu

Mto Songwe ukila ardhi hufanya hivyo kimya. Kisha bonge la udongo linaanguka majini, pu! halafu kimya tena, na harufu ya tope bichi inaingia hadi jikoni. Masika yale nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu Njisi, tulikula na kusali tukiwa tumetega sikio. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nadhani waliwahi kulala kwenye kona ya mto huu, ambao huhamisha mpaka wetu na Malawi bila kumuuliza mtu.

Kwetu marehemu huzikwa nyumbani, kwenye migomba. Babu alikuwa amelala huko, na Songwe ulikuwa unamfuata. Bibi, aliyenilea, alikuwa na miguu iliyovimba, kutembea kwenye tope hawezi. Akanipa kazi: kila asubuhi nipige hatua kutoka ukingoni hadi kaburini, nimpelekee idadi. Zikibaki kumi ataita ukoo na mchungaji, Babu ahamishwe. "Babu yako hakujua kuogelea," aliniambia, wala hakucheka.

Siku mbili za kwanza nilifika ukingoni kweli. Siku ya pili nilihisi udongo ukitetemeka chini ya nyayo zangu, kwani maji yalikuwa yameshaula kwa chini, na nikaapa sitarudi. Kuanzia hapo nilisimama katikati ya njia, hatua zilizobaki nikazibuni. "Kumi na nne, Bibi." Kesho yake tena kumi na nne. "Jana kumi na nne, leo kumi na nne," alisema. "Mto umelala?" Nikajibu, "Umelala, Bibi." Alifurahi, akaahirisha kuita ukoo. Nilijua ninachofanya. Sikuwa mjinga, nilikuwa mwoga.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Jumapili asubuhi. Nilikwenda nisilione kaburi. Migomba yote ilikuwa ndani ya maji, imesimama wima na udongo wake miguuni, ikishuka na mkondo polepole kama watu wanaosindikiza maiti, majani yakipunga na upepo hakuna. Nilipiga kelele. Bibi alijikokota hadi pale, akaitazama, hakulia. "Mugonile," akaisalimu, salamu yetu ya asubuhi kwa mtu wa heshima. Akanyamaza kama anayesikiliza, kisha akatikisa kichwa kukubali jambo aliloambiwa. Ndipo akanigeukia. "Jana zilikuwa ngapi, mjukuu wangu?" Nikasema kumi na nne. "Ndaga," akasema. Asante. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Migomba ile ilinasa kwenye mchanga wa ng'ambo, upande wa Malawi, ikaota. Shangazi, aliyekuwa akivuka kuuza mchele, alisema watu wa kule hawakati ndizi zake, na ukiwauliza sababu wanabaki kutazamana. Kila asubuhi Bibi aliisalimu kutoka kwetu, akanyamaza, akatikisa kichwa. Mimi nilikimbilia jikoni nikaziba masikio, maana niliogopa kwamba siku moja nami nitasikia jibu.

Leo naishi Kyela mjini, mbali na maji, na mvua ikinyesha bado hushtuka nikisikia kitu kikianguka. Bibi amelala nyuma ya nyumba yetu ya zamani, na Songwe umeanza kumfuata yeye pia. Masika haya nilikwenda kumwona pamoja na binti yangu, ambaye ana miaka tisa. Goti lilikuwa linaniuma, nikaketi kando ya kaburi, nikamtuma apige hatua hadi ukingoni. Alirudi upesi mno, viatu vyake havina tope. "Kumi na nne, mama," alisema akitazama chini. Sijawahi kumsimulia habari hizi. Nyuma yake bonge la udongo likaanguka majini, karibu kuliko nilivyotegemea. "Ndaga," nikamwambia, nikainuka kwenda kuhesabu mwenyewe.