Goti la Picha

Nilijiunga na klabu ya picha kwa sababu Jumamosi zilikuwa zinanishinda. Duka la dawa ninakofanya kazi, hapa Bukoba mjini, linafungwa mchana siku hiyo, na kuanzia hapo hadi Jumatatu asubuhi hakuna mtu anayeniita jina langu. Napika ndizi zangu, nakula, naosha sahani moja na kijiko kimoja, na jua bado liko juu. Wanaosema upweke ni ugonjwa wa wazee waje wakae kwangu wikiendi moja.

Klabu inakutana Hamugembe, kwenye chumba cha nyuma cha studio ya mwalimu wetu, mzee wa Kiislamu aliyewapiga watu wa mji huu picha za pasipoti tangu enzi za filamu. Wanachama wengine ni vijana wanaotaka kazi za harusi. Mimi nilikuwa sijui hata kamera inawashwa wapi. Siku ya kwanza nilizunguka ufukweni nikipiga picha huku kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi, nikarudi na giza tupu. Walicheka, nami nikacheka nao, ila kicheko changu kilichelewa kidogo.

Nilipoanza kuelewa, nikawa napiga kila kitu kisichojibu: viti vya mgahawa vilivyoinamishwa juu ya meza, ngazi zilizolowa mvua, korongo juu ya mapaa ya sokoni. Mwalimu alizipitia zote kwenye kompyuta yake bila haraka, kisha akanigeukia.

"Dada, mbona picha zako hazina watu?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata chumba changu hakina. Nikasema nitajitahidi.

Akatupa kazi kwa ajili ya maonyesho ya klabu: kila mmoja alete picha ya mtu mzima wa ukoo wake, iliyopigwa nyumbani kwake. Akatuonya pia. "Msimpige mtu mzima mmemsimamia kama polisi. Shuka mpaka macho yako yalingane na yake."

Vijana wakaanza kutaja bibi na babu zao, mmoja ana hawa, mwingine ana wale. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu, shangazi yangu wa Buganguzi, na yeye tulikuwa hatuna salamu ya maana.

Kisa chenyewe ni kifupi. Baba alipofariki, mama akiwa ameshatangulia, ukoo ulikaa kikao. Mimi ni mtoto pekee, tena wa kike, na kwetu kibanja cha ukoo, yaani nyumba na migomba yake na kahawa yake na makaburi yaliyomo, hakipewi binti kirahisi. Alipewa binamu yangu. Hilo nililitegemea. Kilichoniuma ni shangazi, dada yake baba, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, kukaa kwenye kikao kile akitafuna punje za kahawa bila kutamka neno. Tangu siku hiyo nikaacha kumpigia goti. Kwetu mwanamke humsalimia mkubwa wake akiwa amepiga magoti, hata awe amesoma namna gani. Mimi tukikutana msibani nikawa nampa mkono nimesimama, kama mgeni wa serikali, naye anaupokea kwa ncha za vidole. Mwishowe nikaacha kwenda kabisa. Nilijiona nimemwadhibu, kumbe mimi ndiye niliyebaki sina kwetu.

Basi Jumapili moja nikaenda, na kamera ya klabu begani. Kutoka Muleba nilichukua pikipiki. Shangazi anakaa kwenye nyumba ndogo pembeni mwa kibanja kilekile, na nilimkuta barazani, ameketi kwenye mkeka, anachambua maharage. Nikamwamkia nimesimama, kama ilivyokuwa desturi yangu mpya. Akaitikia bila kuinua macho. Nikamweleza habari ya picha.

"Piga," akasema, kama mtu aliyeombwa kiberiti.

Nikapiga. Kilichoonekana ni kilemba na ungo wa maharage. Nikakumbuka maneno ya mwalimu, nikashuka, goti moja, kisha la pili, kamera ikiwa usoni.

Ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa. Aliinua uso, na kupitia kamera nikauona ule uso wa zamani, ambao kwa kweli nilidhani ulizikwa pamoja na baba. Akaanza salamu, ile ndefu ya Kihaya ya kuuliza umeamkaje, umeshindaje, na ulikotoka wanaendeleaje. Mkono wake ukanyooka kunishika bega, na hapohapo kidole changu kikabonyeza.

"Mwana wange, mwanangu," akasema. "Umekuja."

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa natafuta usawa wa macho? Niliitikia salamu yote hadi mwisho, kamera ikining'inia kifuani, nikiona aibu. Akataka kunipikia ebitoke, ndizi za kwetu. Akataka nilale. Nikasema kesho kazini, nikaondoka kabla mvua haijaanza.

Jumamosi iliyofuata tulifundishwa kuhariri. Picha yangu ilipofunguka kwenye kompyuta, vijana wote wakasogea karibu. Uso ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Ila chini yake kulikuwa na mkono, mkubwa, umetikisika hadi vidole havihesabiki, umeziba sehemu kubwa ya picha.

"Uso huu ni dhahabu," mwalimu akasema. "Mkono ndio unaoharibu."

Akanionyesha jinsi ya kuuzungushia mstari na kubonyeza. Mkono ukatoweka. Mahali pake programu ikatandika mkeka na kumwaga maharage mengine ya kwake. Vijana wakapiga makofi, na mmoja akasema hiyo ndiyo itakayokaa katikati ya ukuta.

Walipotoka nikabaki naitazama. Shangazi alikuwa anamfurahia mtu kwa uso wake wote, na mbele yake hapakuwa na mtu. Nililia pale kwenye kiti cha mwalimu kama mtoto aliyesahaulika shuleni. Mwalimu aliporudi na chai nikamwomba aurudishe mkono.

"Haitapendeza, dada."

"Najua, mwalimu."

Akaurudisha, akanichapia nakala moja. Kwenye maonyesho haikuwekwa, na sikuuliza kwa nini.

Nilirudi Buganguzi na ile nakala ndani ya bahasha, bila kamera. Safari hii nilipiga magoti kabla hata sijaweka mkoba chini, nikasalimia mimi kwanza, kama nilivyofundishwa utotoni. Aliitikia. Kisha nikampa bahasha, akaitoa picha, akaipapasa pale penye mkono.

"Leo hukuja na mashine."

"Sikuja nayo, shangazi."

"Siku ile ulipiga goti ili upate picha."

"Kumbe ulijua?"

"Mimi ni mzee, si mjinga. Ulishuka umefumba jicho moja. Nani anasalimia hivyo?"

Alicheka peke yake. Mimi sikuweza. Nikamuuliza kwa nini basi aliitikia, tena kwa furaha ile. Akachungulia kwanza upande wa nyumba kubwa, ya baba, ambayo sasa ni ya binamu yangu, akapunguza sauti.

"Siku ya kikao niliogopa, mwanangu. Hapa nalala kwa hisani yao. Ningesema, ningelala wapi? Na tangu ulipoacha kuja hakuna anayenipigia goti. Watoto wa humo ndani wananipungia mkono wakipita. Nilipokuona unashuka, nikajua si salamu yangu." Akairudisha picha ndani ya bahasha taratibu. "Nikasema, hata kama si yangu, acha niipokee."