Jiwe la Msingi na la Sekondari

Kwenye filamu za anga za mbali, jiwe jeusi halikosekani. Nimeziangalia nyingi kuliko ninavyosoma, na zote zina tabia moja: mahali patupu, hakuna mti wala choo, halafu limesimama bamba jeusi, refu, laini kama limepakwa mafuta ya nazi. Hakuna anayejua nani kalileta. Watu wanalizunguka wakiogopa, mmoja mwenye kiherehere analigusa, na kuanzia hapo dunia haiwi tena ile ya jana. Wasanii nao wanalipenda. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituonyesha kwenye simu yake picha ya jumba moja la maonyesho, ukumbi mzima una bamba jeusi tu, na wazungu wamesimama mbele yake wameshika videvu.

"Huyo fundi kaishiwa," akasema mwenzangu wa dawati. Darasa zima likacheka, mwalimu naye.

Kijijini kwetu, upande wa Kitangari, tunalo la kwetu. Tofauti ni kwamba letu tulimwona aliyelileta. Lilikuja nyuma ya pikapu, limeviringishwa blanketi kama mgonjwa.

Siku ya kulizindua zilipigwa ngoma, wanafunzi tukaimbishwa juani, mgeni rasmi akavuta kamba na kitambaa kikaanguka. Kumbe ndani kulikuwa na bamba la marumaru nyeusi limesimamishwa juu ya nguzo ya saruji, limeandikwa kwa dhahabu kwamba hilo ni jiwe la msingi la mradi wa maji, na chini yake jina la mgeni rasmi na vyeo vyake, ambavyo vilikula nafasi kubwa kuliko maji. Nyuma ya jiwe kulikuwa na mikorosho. Tukaambiwa mabomba yatapanda kutoka bondeni. Tukapiga makofi, tukapewa soda, pikapu ikaondoka na blanketi lake.

Bibi yangu alikaa mbele kabisa, kwenye mkeka, akisikiliza kuliko mtu yeyote pale. Huyu ni mama yake mama, ndiye aliyenilea, na kama bibi wengine huniita mume wake. Kabla ya hapo alikuwa ameanguka kwenye mteremko akitoka kisimani bondeni, ndoo kichwani, na nyonga yake haikurudi sawa. Mimi nachota Jumamosi na Jumapili kwa baiskeli, lakini siku za shule alikuwa anashuka mwenyewe, maana kuomba maji kwa jirani kwake ni sawa na kuomba nguo ya ndani. Mjomba, mwanawe anayeishi Masasi, akatoa amri: maji yakifika kijijini, mama abaki kwake; msimu wa korosho ukiisha hayajafika, anamhamishia Masasi. Bibi hakutaka Masasi hata kwa kusikia jina. Mume wake amezikwa hapo nyuma ya jiko.

Jioni ile tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, akaniuliza, "Mume wangu, wamesema lile jiwe la nini?"

"La msingi, bibi."

"La nsingi." Akafikiri kidogo. "Sasa la sekondari wanaleta lini?"

Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Kwa bibi, Kiswahili kilikuja ukubwani, na neno msingi ni moja tu: ile shule watoto wanayokwenda na fagio na jembe. Ameshaelewa hivyo, maji yanakuja kwa madarasa, kwanza la msingi, kisha la sekondari, yakifaulu ndiyo mabomba.

"Bibi, ni msingi wa nyumba. Pale ndipo wanapoanzia kujenga."

"Ntoto wewe! Nsingi wa nyumba unakaa chini. Lile limesimama juu. Umeona nyumba imejengwa juu yake?"

"Sijaona."

"Haya. Menya."

Neno lilitembea kijiji kizima. Ukimwuliza mtu habari za maji anakujibu, "La sekondari bado." Hata mwenyekiti alilichukua, akawa analitumia kwenye mikutano kana kwamba kalitunga yeye. Bibi peke yake ndiye ambaye hakuwa anatania.

Alianza kwenda kulitazama. Anajikongoja na fimbo, akifika analifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Siku moja nikamkuta huko.

"Unalisafisha la nini, mke wangu? Wakulipe?"

"Wakirudi wakute safi. Wakikuta chafu watasema watu wa hapa hawataki maji." Kisha akainama karibu. "Njoo uone. Kuna kikongwe humu ndani."

Jiwe lilikuwa linang'aa kama kioo, na kikongwe alikuwemo kweli, na nyuma yake mimi, na nyuma yangu mikorosho. Wamakonde ndivyo tulivyo, ukitupatia kitu cheusi kigumu tunatafuta mtu aliyemo. Kwenye mpingo fundi anachonga mpaka watu wanatoka, wamebebana mabegani, mmoja juu ya mwingine. Kwenye jiwe lile hakuwemo mtu mwingine yeyote zaidi ya yule anayesubiri mbele yake.

Mimi nililigusa pia, nakiri kwa sababu ya zile filamu. Lilikuwa la moto kwa jua. Nikasubiri kidogo. Mbuzi akapita.

Muhula uliofuata mwalimu akafundisha fasihi. Ametoka Kagera, anasema kwao ziwa liko mlangoni, na hapa anaoga kwa jagi. Akaandika ubaoni: ishara ni kitu kinachosimama badala ya kitu kingine. Akataka mifano. Mmoja akasema njiwa, amani. Mwingine akasema damu, sijui nini. Nikanyoosha mkono.

"Jiwe la mradi, mwalimu."

"Linasimama badala ya nini?"

"Maji."

Wakacheka wote isipokuwa yeye. "Kaa chini," akasema. Halafu akageukia ubao. "Jibu ni sahihi."

Sikufurahia hiyo sahihi. Nilirudi nyumbani nikiiwaza kama mtu aliyemeza mfupa. Maji yakiwepo nani atahitaji jiwe? Lile jiwe lipo kwa sababu maji hayapo, na kadiri lilivyosimama imara ndivyo nilivyozidi kujua hayaji. Wale wa kwenye filamu angalau hawakuahidiwa kitu.

Korosho zikaisha. Mjomba akaja na kenta asubuhi, hajakaa hata kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au kunibeba?"

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Lakini la kwanza si limekuja? Wewe mwenyewe ulilipiga picha."

"Mama, jiwe lile ni la kupigia picha tu."

Bibi akamtazama, kisha akanitazama mimi, msomi wa nyumba, nitie neno. Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la mzaha. Akaingia ndani kufunga nguo zake.

Mjomba alikuwa anamjengea chumba cha uani kule Masasi, na bati hazikumtosha. Akasema za hapa zitaozea bure. Nikapanda juu kung'oa misumari, nikawa nazishusha moja moja, bibi amekaa chini ya mkorosho ameipa nyumba mgongo. Kila bati lilipolia alivuta kanga kichwani. Tulipoondoka tulipita mbele ya jiwe, na mimi niliyekaa nyuma juu ya bati nikaona bibi hakugeuza shingo.

Mimi nikahamia hosteli ya shule Newala. Mvua za kwanza zilipoanza, Jumamosi moja nilikwenda kuangalia. Nyumba ya udongo isiyo na paa haidumu. Ukuta wa chumbani kwake ulikuwa umelala, na sakafuni, pale kitanda kilipokuwa, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Simu ikaita. Ilikuwa namba ya mjomba, sauti ya bibi.

"Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha, bibi. Niko kwako."

"Pipa la mvua umeliweka chini ya paa?"

Nikadhani ananitania. Nikangoja acheke. Mvua ilikuwa inaniingia shingoni.

"Nimeliweka," nikasema.

"Limejaa?"