Nimelala kwenye gari la mbio

Leo nimepewa kazi ya kukaa tu, na imenishinda.

Pale Elerai ninapoosha magari ya kuuzwa walikuja mume na mke.

Mume alipenda lile la chini, la mbio, lenye viti vinavyobana mbavu.

Mke alitaka lile kubwa la familia, viti vya ngozi, hadi kifriji kimo. Mama yake ana mgongo mbovu, na ndiye atakayepandishwa Rombo kila Krismasi.

Mume akaniita. "Kaka, kaa nyuma kwenye hili la mbio. Ukiumia, sema."

Tukaenda Usa River na kurudi. Nasema tukaenda, lakini mimi sikuona kitu.

Nimeshtuka mlango unafunguliwa, jamaa anashangilia: "Mama Neema, umeona? Kalala kama mtoto! Mama atastarehe humu."

Mke akanigeukia mimi.

"Kaka, leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri, dada."

"Na kabla ya kuosha magari ulifanya kazi gani?"

"Kupakia kokoto. Tulikuwa tunalala juu ya mzigo, lori likitembea."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Neema, huyu hata kwenye mawe analala! Ingia nyuma wewe. Naendesha mimi."

Waliporudi, mume alishuka ameshika kiuno. Akauliza ufunguo wa lile kubwa uko wapi.

Sasa ndugu zangu wa Kasulu mtaniuliza gari la mbio likoje ndani.

Niwaambie nini?