Mwizi Mwenye Shikamoo

Jamaa anayetafsiri filamu katika kibanda cha video pale Misigiri hukaa ubavuni mwa televisheni, rimoti mkononi, akikuna goti kila mapenzi yanapokaribia. Siku za mnada huweka zile za zamani zisizo na rangi, za wezi watanashati na wanawake wanaowawinda huku wakiwapenda. "Humu hafi mtu," huwaambia wateja mlangoni. Kwa neno hilo Severina, aliyemzika mumewe wakati wa mavuno, alikubali kuingia.

Sauti zote ni zake peke yake. Polisi humsemea kwa kikohozi, bibie kwa mnong'ono, na mwizi, hata akikutwa na mkono ndani ya sanduku la vito, hathubutu kumjibu mtu mzima kabla ya kumwamkia. Hapo jamaa husimamisha filamu hadi kibanda kizima kiitikie. Siku ile mwizi alikutwa na mama mwenye nyumba, lulu zikimning'inia mfukoni. "Shikamoo, mama." Severina akaitikia marahaba kabla ya wote, watu wakacheka, naye akajikuta anacheka, kiganja mdomoni. Jamaa akamwona. Hakubonyeza rimoti filamu iendelee. "Na pole na msiba, mama," mwizi akaongeza, midomo imesimama vilevile kwenye kioo. "Nilichelewa kusikia."

"Nimeshapoa, mwanangu," Severina alimjibu, kama alivyowajibu wengi tangu matanga, ila safari hii alilisikia neno lenyewe, kupoa. Filamu ikaendelea. Mwizi akainama, akavaa kofia, akaruka dirisha na lulu zake, wala hakuna kibandani aliyetaka akamatwe.